Kamba wa Mama, Ufuta wa Bibi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nambambo, kamba hawakutoka kwenye friji la dukani. Walitoka Lindi ndani ya ndoo yenye mfuniko, wakaja na basi la asubuhi hadi Nachingwea mjini, na ukiifungua ndoo ile nyumba nzima inanuka bahari. Mjomba ndiye aliyemtumia Mama kila Idi ilipokaribia. Mama alizaliwa pwani, akaolewa kwetu kwenye mikorosho, na mapishi hayo ndiyo kitu pekee alichokataa kukiacha nyuma.

Aliwamenya, akawasugulia ndimu na kitunguu saumu, akawaviringisha kwenye unga wa mchele na kuwatumbukiza kwenye mafuta ya moto mpaka wakajikunja na kuwa wekundu. Pembeni aliweka bakuli la mchuzi mzito wa korosho zilizotwangwa, tui la nazi na pilipili. Tulichovya na kula kabla pilau haijapakuliwa, tukilamba vidole hadi kiwiko. Watoto wa leo huulizia tomato ya chupa kabla hata hawajaonja.

Bibi tu, mama yake Baba, ndiye hakugusa. "Wadudu wenu hao mie siwawezi, mama Halima," alisema kila mwaka, kwa upole kabisa, akiisogeza sahani. Mama alitabasamu na kuiondoa, lakini niliona jinsi alivyokuwa akiiosha sahani ile kwa muda mrefu. Miaka yote alitaka jambo moja, mama mkwe wake aonje.

Idi moja, nikiwa na miaka tisa hivi, nilipewa kazi ya kuchoma korosho nyuma ya jiko. Aliyekulia kwetu anajua: korosho na maganda yake huchomwa kwenye bati, utomvu unawaka, moshi mweusi unapanda, na unakoroga kwa fimbo ndefu isiyoruhusiwa kuingia jikoni. Utomvu ule unababua ngozi, ndiyo maana tulijipaka majivu mikononi kabla ya kubangua. Siku ile fimbo sikuiona, uvivu ukanishika, nikachukua mwiko wa Mama. Nilipomaliza niliufuta kwa majani, nikaurudisha mahali pake.

Mama akakoroga mchuzi kwa mwiko ule. Akaonja kabla ya mtu yeyote, kama kawaida yake. Nilimwona anafumba macho, na mdomo wake wa chini ukaanza kuvimba. Akautazama mwiko, akanitazama mimi. Kisha akabeba sufuria na kuumwaga mchuzi wote shimoni. Korosho nyingine hazikuwepo, na wageni kutoka Ruangwa walishakaa mkekani. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi akatokea mlangoni. "Mdomo umefanyaje?"

"Nimeonja mchuzi ukiwa wa moto, Mama."

Bibi akauchukua mwiko, akaunusa. Alibangua korosho tangu hajaolewa, hakuhitaji kuambiwa. Alikwenda chumbani kwake akarudi na kibuyu cha ufuta, ule aliouweka kwa ajili ya mbegu, akaukaanga mwenyewe na kuusaga kwenye jiwe. "Haya, tia tui lako," akamwambia Mama.

Walipomaliza, Mama hakuweza kuonja kwa mdomo ule. Bibi akachukua kamba mmoja, akamchovya, akatafuna taratibu huku akiangalia juu kwenye paa. "Kumbe wana utamu," akasema, akachukua wa pili. Mama akageukia ukutani, akalia, na nilijua hakuwa analilia mdomo. Sijawahi kuwapenda wanawake wawili kama nilivyowapenda pale.

Leo wote wawili hawapo. Kamba wanakuja wamegandishwa kwenye mfuko, mashine inasaga ufuta kwa dakika moja, na wanangu hupiga picha sahani mpaka inapoa. Mama alibaki na kidoa cheupe kwenye mdomo wa chini hadi siku tuliyomzika, na hakunisimanga nacho hata mara moja. Mimi bado natumia mwiko wa mti. Nikishakoroga naonja kwanza, peke yangu, nasubiri kidogo, ndipo naita watu. Wanangu husema mama yao mlafi.