Sindano Kumi na Mbili za Usingizi

Bibi yangu, mke wangu wa ndoa, nilimvunja mkono nikiwa nimefumba macho. Mfupa ulilia mara moja, yeye akalia mara nyingi, nami nikaamka ningali napigana na mwanaume mwenye panga ambaye hakuwemo chumbani.

Mwanaume huyo nilikutana naye kwenye barabara ya kushuka kutoka Fizi. Tulikuwa saba juu ya lori la mihogo. Tulipopanda nilihesabu mara mbili, ni zoea langu. Yeye na wenzake walipomaliza kazi yao nilihesabu tena. Wanne. Halafu wanne. Tangu siku hiyo usingizi ulinikimbia, na ukirudi, unarudi na panga.

Kaka wa bibi yangu alitoka Lweba akaja Baraka kumchukua. Mlangoni aliniambia, "Shemeji, sikuchukii. Lakini dada yangu atarudi siku utalala kama bantu, kama watu wote."

Ndipo nikaenda Lusenda, kwa mama mmoja mkimbizi wa Burundi. Kwao alikuwa muuguzi, na madaktari Wachina walimfundisha kutibu kwa sindano nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani.

"Sindano ni ngapi?" nikamuuliza.

"Kumi na mbili."

"Mama, fanya sita."

"Baba, hapa haiko soko ya samaki wa ndagala."

"Basi saba, na nitakuletea wagonjwa wengine."

Alinitazama sana, akachoma saba. Nilirudi Baraka nimeshinda, nikakesha juma zima na ushindi wangu.

Niliporudi kwake hakushangaa. "Zile tano ulizokataa ndizo zilikuwa za usingizi," alisema. "Hizi saba zilikuwa za kukutuliza ukubali zile tano."

Nikalala kwenye mkeka, achome zote. Alichoma vifundo vya mikono, miguu, katikati ya nyusi. Aliponigusa karibu na shingo, mkono wangu uliruka ukamkaba koo. Sijui nani aliupa amri. Macho yakamtoka. Akanipiga goti la mbavu.

"Acha! Mi niko mama yako, siko mwizi!"

Nikaacha. Alikohoa mpaka machozi, akaokota sindano zilizoanguka, akazitupa, akafungua mpya.

"Tulifika ngapi?" akauliza.

"Tisa, mama."

"Lala."

Nilikwenda kwake juma baada ya juma, mpaka nikaanza kusinzia palepale mkekani. Shemeji akasikia. Alifika kwangu saa sita mchana na fimbo, akaketi karibu na mlango.

"Lala, nione."

Nililala kweli. Kuamka, jua limeshaelekea milimani, na ngozi ya vidole vyangu imechubuka, ukuta una damu.

"Nimepiga mara ngapi?"

"Mbili."

"Nimekupiga wewe?"

"Ukuta. Mi nilihama mapema." Akaweka fimbo chini. "Ukuta hauvunjiki mkono. Kesho nitamuleta dada."

Nilitazama vidole vyangu. Upande ule wa ukuta ndio upande anaolala bibi yangu.

"Mwezi mmoja, shemeji."

"Mi nakupa kesho, we unaomba mwezi?"

"Mwezi. Na usinipunguzie hata siku."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Alipovaa viatu aliniambia atamweleza dada yake kwamba ni mimi niliyeomba mwezi huo.