Siku Fundi Alipokubali

Kwa miaka mingi njia ya mwalimu kutoka nyumbani kwake Shella, hapa Malindi, kwenda sokoni ilipita mbele ya banda la fundi baiskeli, na katika miaka yote hiyo sikumbuki siku aliyopita bila kusutwa. Si matusi ya nguoni, la, mji wetu una adabu zake. Lakini alipigiwa kelele tangu yuko mbali, akaulizwa kama leo ameamka na akili zake, akaonywa asije akamtoa muuza samaki sokoni akamwingiza muuza mkaa. Naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. Aliweka kikapu chini, akakunja mikono ya kanzu, akaomba mkebe wa nati na kuanza kuzipanga mchangani: huyu beki, huyu kiungo, huyu winga. Mabishano yakaanza upya kana kwamba mechi ilichezwa jana.

Mwalimu huyo aliwahi kuwa kocha wa timu ya taifa. Hakudumu. Kilichomwondoa ni mechi moja ya Nairobi ambayo tuliisikiliza redioni, watu wamejazana bandani kwa fundi mpaka barabarani. Zikibaki dakika chache, mabao yakiwa sawa, alimtoa winga wa kulia akamwingiza beki. Alitaka kulinda sare. Wageni wakafunga, tukatolewa mashindanoni, naye akarudi Malindi na sanduku lake. Winga aliyetolewa alikuwa kijana wa Vitengeni. Zaidi ya hayo, alikuwa mpwa wa fundi, mtoto wa dada yake. Kocha aliyefuata hakumtaka, goti nalo likamharibikia, akarudi kwao kulima mahindi ambayo mara nyingi yalikauka kabla ya kubeba.

Kwa hiyo fundi alikuwa na haki yake ya kupiga kelele. Sisi wengine tulikuwa wapambe tu. Mimi nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka la jirani, na mpira niliujua kwa kusikia. Lakini nilipiga kelele kama wenzangu, kwa sababu ilikuwa miaka ya themanini, watalii walikuwa wamejaa mahotelini na sisi tumejaa vibarazani, na hatukuwa na jambo jingine lililotuhusu likatajwa redioni.

Halafu mwalimu akaanza kukonda. Kwanza tulimtania kwamba mkewe ameacha kupika. Macho yalipogeuka manjano, shemeji yake, kaka wa mkewe, alimpeleka hospitali Mombasa. Daktari akawaita pembeni huyo shemeji na mke mwenyewe, akawaambia ni saratani, imeshashika ini, na hakuna la kufanya ila kumpa dawa za maumivu. Mwalimu aliambiwa ana vidonda vya tumbo. Katika ukoo wao ndivyo ilivyo, mgonjwa haambiwi. Ataambiwa atapona, ataletewa supu, na wanaolia watalilia uani.

Shemeji yake alikuwa shabiki kama sisi, na tangu lini shabiki akakaa na habari? Alimwambia mmoja, kwa siri. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulijua kwamba mwalimu anakufa, isipokuwa mwalimu.

Siku aliyopita tena mbele ya banda, akijikongoja na fimbo, watu wote walisimama. Walisimama kama wanafunzi. "Shikamoo, mwalimu," akasema mmoja, na wengine wakafuata. Hata muuza mikate, mzee aliyemzidi mwalimu umri kwa mbali, naye akamwamkia shikamoo. Mwalimu akaweka kikapu chini, akangoja.

"Haya," akasema. "Leo hamna la kusema?"

"Pole na safari, mwalimu. Karibu kiti."

Aliwatazama mmoja mmoja. Fundi alikuwa ameinama, akizungusha gurudumu lisilo na kasoro yoyote. Mwalimu akakiokota kikapu chake, akaenda zake polepole, nasi tukakaa tukijiona watu wema. Mungu atusamehe, tulijiona watu wema.

Baada ya siku kadhaa mkewe akaja dukani. Nilidhani anataka chokaa. Alisubiri wateja watoke, kisha akaegemea meza. Sisi wa bandani wote alituita shemeji.

"Shemeji, mwataka kuniulia mume?"

Nikaurudisha mlango wa duka nusu.

"Jana kaniuliza mbona wale watu wa bandani wana adabu siku hizi. Nikamwambia wamekua. Akanambia, 'Wale? Wale hawakui.' Tangu hapo yuwanitazama. Shemeji, yule yuwanywa uji kwa sababu yuwaamini atapona. Asubuhi kaniambia akipata nguvu atakwenda Gede, kuna kijana huko ana mguu wa kushoto, yuwataka kumfundisha. Siku akijua, atalitua bakuli chini na hatalishika tena. Namjua mimi. Njooni nyumbani mbishane naye kama zamani. Mtukaneni, jamani. Nawaomba."

Mficha maradhi kilio humfichua, ndivyo wanenavyo, lakini mwanamke huyu hakuwa akificha ugonjwa kwa aibu. Alikuwa akimnunulia mumewe asubuhi chache za kunywa uji. Nikamwahidi.

Nilikwenda mimi na muuza mikate, na tulikuwa aibu tupu. Mwalimu amelala kitandani, shuka limemfunika mpaka kifuani na chini ya shuka hakuna mtu, mifupa tu. Nikamwambia kwamba safu yake ya kiungo siku ile ilikuwa legelege. Akaniuliza kiungo gani, maana walikuwa watatu. Nikababaika. Muuza mikate akasema refa ndiye aliyetuuza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema, kwa sababu refa alitupendelea waziwazi.

"Wewe kauze misumari yako," mwalimu akaniambia. "Na wewe mzee, rudi kwenye tanuri. Fundi yuko wapi? Mbona fundi haji?"

Hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Sisi wengine tungeweza kubadilika. Fundi alikuwa na donge halisi moyoni, la mtoto wa dada yake, na donge la namna hiyo halitoki kwa mtu kupata vidonda vya tumbo. Maadamu fundi angali na hasira naye, mwalimu angejua dunia iko pale pale alipoiacha.

Nikamwendea fundi. Alikataa.

"Nikamwambie nini? Nikamgombeze mtu anayekufa?"

"Ndilo tunalokuomba."

"Mimi sikulelewa hivyo. Kwetu Vitengeni mtu akifika hali hiyo, mliokosana naye mnakwenda mkapatana. Mnakwenda kuweka maneno chini. Hamwendi kuyainua."

"Fundi, hajui kama anakufa. Ukienda kupatana naye, utakuwa umemwambia."

Alipangusa mikono kwa kitambaa cha grisi. Ilinichukua siku tatu kumlainisha. Mwisho akasema sawa, atakwenda, na atamsema kama kawaida. Njiani alijizoeza kwa sauti, akimfokea mwalimu asiyekuwepo, mpaka wanawake wakachungulia madirishani. Nilicheka. Nilikuwa na matumaini, na leo nashangaa niliyatoa wapi.

Mwalimu alipoisikia sauti ya fundi ukumbini alibadilika kabisa. "Mama," akamwita mkewe, "nikalishe. Nipe shati, nina mechi leo." Akavishwa shati, akawekewa mito miwili mgongoni. Macho yake ya manjano yakang'aa. Fundi akaingia, akavua kofia, akasimama mlangoni akamwona. Hakuwa amemwona karibu tangu ugonjwa uanze. Nami kosa langu lilikuwa kutomweleza jinsi alivyokwisha.

"Kaa, fundi. Umenikimbia muda mrefu. Haya, sema, nilimtoa kwa nini mpwa wako?"

Fundi akakaa ukingoni mwa kiti. Akatazama kucha zake. Mimi nikakohoa kumkumbusha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, hasogei.

"Mwalimu," fundi akasema, na sauti haikuwa ile ya njiani. "Mimi nimefikiri sana. Ulifanya sawa. Kijana alikuwa amechoka. Hata mimi ningemtoa."

Miaka yote ile mwalimu aliitafuta sentensi hiyo. Aliitafuta kwa nati na kwa vijiti, kwa viapo na kwa mifano. Mtu angedhani ataruka kitandani. Lakini nilimwona akipungua mbele ya macho yangu, kama taa inayoishiwa mafuta. Fundi hakuona, kwa sababu alikuwa bado anatazama kucha. Akaendelea kusema, akiongeza wema juu ya wema: kwamba uwanja ulikuwa mzito kwa mvua, kwamba kocha mwingine yeyote angefanya vile vile, kwamba sisi mashabiki tuna midomo tu.

"Hata wewe, fundi?" mwalimu akasema taratibu.

"Fundi anatania," mkewe akadakia.

"Fundi hajapata kunitania kwa hilo." Akageuza kichwa, akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. "Mama, weka hilo sinia. Waite watoto waje."

Tulipotoka nje fundi alikuwa akijifuta machozi kwa kofia, na nafuu fulani usoni. "Afadhali," akasema. "Afadhali tumepatana." Nilitaka kumshika shingo. Nikamuuliza kama hakumsikia mwalimu akiagiza watoto waitwe. Alisimama pale pale katikati ya njia, na nikaona jambo linamwingia kidogo kidogo, mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Wala sikumaanisha," akasema. "Kijana hakuchoka. Nilimhurumia tu."

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Sisi watu wa bandani tulihitaji mwalimu awe amekosea. Kama alikosea, basi tungeshinda. Kulikuwa na mlango, na mtu mmoja aliufunga kwa bahati mbaya. Kama hakukosea, basi sisi ndivyo tulivyo, wa kufungwa dakika za mwisho, na hakuna mlango uliowahi kuwepo. Naye mwalimu, nadhani, alihitaji tuendelee kumlaumu, kwa sababu anayelaumiwa bado yumo mchezoni. Siku ile fundi alifunga milango yote miwili, wetu na wake, kwa huruma. Na mimi ndiye niliyempeleka, kwa hiyo sisemi kwamba nimekaa pembeni nikitazama.

Mwalimu hakunywa uji tena. Mkewe alimjua vizuri. Watoto walikuja, wawili kutoka Mombasa na mmoja kutoka Nairobi, wakamkuta ananena bado, na baada ya siku chache hakunena.

Alizikwa alasiri, na siku ya tatu ikasomwa hitima. Mikeka ilitandikwa njiani chini ya turubai. Sisi Waislamu na wale wasiokuwa Waislamu tulikaa pamoja, kwa kuwa banda lile halikuwa na dini. Watoto wa mwalimu walikuwa wamesimuliwa na mama yao mambo yote ila lile moja, kwamba maneno ya fundi ndiyo yaliyomjulisha baba yao kuwa anakufa. Aliwaambia kwamba fundi alikuja mwishoni akampa baba yao haki yake. Mkubwa akaja akamshika fundi mikono miwili mbele za watu. "Baba alikufa ameridhika," akamwambia. "Alijua kwamba hakukosea. Tunakushukuru wewe." Fundi akainamisha kichwa.

Ndipo nilipomwona mpwa wake. Alikuwa ameshuka kutoka Vitengeni asubuhi ile, anachechemea, amevaa suruali iliyopigwa pasi. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Habari hazichoki njia. Aliwapa mkono wafiwa wote kwa mpangilio, akamwombea marehemu kwa maneno machache mazuri, wala hapakuwa na kinyongo katika uso wake. Kisha akaja akachutama mbele ya mjomba wake, na kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu, akasema:

"Mjomba, nimesikia uliyomwambia mwalimu. Ni kweli? Nilikuwa nimechoka?"

Mtoto mkubwa wa mwalimu alikuwa bado amekaa karibu na fundi, bega kwa bega, akingoja naye. Nilimtazama fundi nikaomba aseme. Sijui nilitaka aseme lipi.

"Ulikuwa umechoka, mwanangu," fundi akasema.

Kijana akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Akashika goti lake, akainuka, akaenda kunawa mikono ili ale pamoja na wengine.