Fundi wa Miguu Bandia na Majeruhi Wasiokuwepo kwenye Gemu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, tanuri la karakana limeshapata moto. Mwanamke mwenye aproni iliyokakamaa kwa plasta anapitisha msasa ndani ya kikombe cha plastiki, anapuliza vumbi, kisha anazungusha vidole taratibu akitafuta mkwaruzo. Akiukuta, anaanza upya. Kikombe hiki ndicho kitakachokaa kwenye kigutu cha mguu wa mtu mzima, na ngozi ya hapo haina subira.

Wenzake wanamwita Dada Plasta. Ana miaka arobaini na moja, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia katika chumba hiki chenye madirisha matatu, benchi refu la kazi na reli mbili za kujifunzia kutembea. Mafundi wako watatu. Wakijitahidi sana hutoa miguu kumi na minne kwa mwezi. Daftari la wanaosubiri lina watu themanini na watatu, na wa mwisho ameambiwa arudi baada ya miezi saba.

"Mtu anakuja na magongo yake, unamwambia miezi saba," anasema. "Hasemi kitu. Anageuka, anaondoka. Bora angenitukana."

Lakini wako watu wengi ambao hawajawahi kumtia machoni, na wanamjua kwa jambo lingine kabisa: ubishi.

Ni wanachama wa jukwaa la mtandaoni la wapenzi wa gemu moja la mikakati ya kihistoria. Mchezaji hupewa nchi, mfalme na hazina, kisha huachiwa miaka mia nne aiendeshe apendavyo. Wanachama ni elfu mbili na mia tatu, na hawajawahi kukubaliana hata siku moja. Wapo wanaoapa kwamba toleo la pili halina mpinzani kwa sababu washauri wa mfalme walikuwa na akili. Wapo wanaolitetea toleo la tatu kwa ramani yake yenye mito inayometameta. Wengine wanasema ramani ni nzuri, sawa, ila vita vimekuwa rahisi mno.

Dada Plasta aliingia humo kwa ajili ya tanuri. Huchukua dakika arobaini kupata moto, na fundi aliyehama aliliacha gemu kwenye kompyuta ya karakana. Akaanza kucheza ili kupoteza muda. Mama yake, anayeishi naye, hajalielewa jambo hilo mpaka leo. "Mwanangu kutwa anaunda miguu ya watu," analalamika, "akirudi anagombania nchi ambazo hata kwa basi hazifikiki."

Siku moja alishinda vita vikubwa kwa kupoteza askari elfu kumi na mbili. Miezi sita ya gemu baadaye, jeshi lake lilikuwa limejaa tena, lote zima, miguu miwili miwili.

"Nikashangaa. Ina maana wote walikufa? Hakuna hata mmoja aliyekatika mguu akarudi kwao? Sasa mimi hapa nafanya kazi gani?"

Akaandika swali fupi jukwaani: majeruhi wamekwenda wapi? Alipata majibu mia nne na kumi na moja. Mwalimu mmoja wa historia alimpongeza. Mwingine akamjibu kwamba gemu si hospitali. Na mmoja aliyejiita Jemedari akaja juu kuliko wote. "Mtatuharibia gemu," aliandika. "Sisi tunacheza tupumzike. Mwacheni mfalme atawale."

Walibishana miaka miwili. Wanachama hao wana desturi ya kuunda nyongeza zao wenyewe, kanuni mpya zinazopachikwa juu ya gemu, na kila nyongeza hupigiwa kura. Dada Plasta aliandika yake. Theluthi moja ya askari waliopotea vitani wangehesabiwa kuwa majeruhi na kurudi majimboni kwao. Kwa kila majeruhi elfu moja, mavuno ya jimbo yangepungua kwa miaka kumi. Idadi yao ingeonekana kwa rangi nyekundu, chini ya neno alilolichagua mwenyewe: Mzigo.

Miezi miwili iliyopita kura zilipigwa, naye akashinda kwa asilimia sitini na moja. Ilibaki kuipachika tu. Anakiri kwamba alitembea kifua mbele wiki nzima.

Jumanne iliyofuata akaja mgonjwa, zamu yake ikiwa imefika daftarini. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili, mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, mguu bandia wa zamani umemchubua mpaka damu. Dada Plasta alimkalisha, akamfunga bendeji zilizolowekwa plasta, akashika kigutu kwa mikono miwili. Hapo fundi haruhusiwi kuachia mpaka plasta ikaze. Ni dakika chache, lakini wote wawili hawana pa kwenda.

"Fundi," mgonjwa akasema, "mimi ndiye Jemedari."

Dada Plasta alicheka kwanza. "Jemedari kabisa?"

"Jeshini sikuvuka ukoplo, dada yangu. Jukwaani ndiko nilikojipandisha cheo."

Alijua anakokuja, kwa kuwa Dada Plasta hakuwahi kuficha kazi yake jukwaani. Mguu wake aliuacha akiwa kijana, kwenye bomu lililotegwa ardhini, baada ya kukaa vitani miezi kumi na tisa. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote kule jukwaani.

"Nilikuwa na swali moja," akasema. "Ile namba nyekundu. Na mimi nimo?"

Dada Plasta alikaza macho kwenye plasta, bado ilikuwa laini.

"Maana nimetoka hospitali, nikajifunza kushona. Cherehani cha kukanyaga, nakanyaga kwa mguu mmoja. Nimeshona sare za shule miaka ishirini na sita. Watoto watatu wamesoma kwa huu mguu mmoja. Kwenye gemu lako, mimi nakaa jimboni nakula mavuno ya wenzangu."

Anaposimulia haya, Dada Plasta anauweka msasa chini. "Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Miaka kumi na sita nawafunga watu viatu, nawaambia nenda kazini, nenda kwako. Halafu nikakaa na kompyuta, nikawaita mzigo. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona aibu, na bado ninayo."

Jioni hiyo hiyo aliiondoa nyongeza yake. Jukwaa likawaka. Waliompigia kura walisema amewasaliti, wengine wakadai ametishwa. Hakuwaeleza sababu, kwa kuwa siri ya Jemedari haikuwa yake kuitoa.

Akaandika kanuni ya pili: mfalme akijenga karakana, majeruhi wanarudi kazini na mavuno yanapanda. Alidhani amepata dawa. Akamwonyesha Jemedari alipokuja kujaribisha kikombe. Jemedari alisoma, kisha akaelekeza kidevu kwenye daftari lililo mezani.

"Na hao wote ambao bado wanasubiri miguu? Na yule asiyeweza kushona kitu chochote? Huyo ataandikwa wapi?"

Dada Plasta aliifuta na hiyo pia.

Asubuhi hii Jemedari amekuja kuchukua mguu wake. Anasimama kati ya reli mbili, anapiga hatua, anakunja uso, anapiga nyingine. Dada Plasta amechuchumaa chini akitazama goti tu. "Tulia, kaka. Usiukimbize, ni wako huo." Safari ya tano anaachia mikono.

Kanuni ya tatu iko tayari, na Jumamosi itapigiwa kura. Haipandishi mavuno wala haiyashushi. Baada ya kila vita gemu litasimama kidogo na kutaja ni majeruhi wangapi wamerudi makwao, na majimbo waliyorudi. Basi.

Anajua watakachosema. Kwa wapenzi wa magemu haya, namba isiyofanya kazi yoyote ni ubunifu mbovu, na mwenyewe amewahi kuwasuta wengine kwa kosa hilo hilo. Safari hii anaitaka hivyo hivyo. "Nimechoka kuwapimia watu faida," anasema. "Nataka tu mfalme aambiwe kwamba wapo. Nikishindwa Jumamosi, nitaipeleka tena mwakani."

Jemedari anajifunga kiatu kipya, akiinama kwa tahadhari. Anaulizwa kama atampigia kura.

"Hapana," anasema. "Mimi nacheza nipumzike, nimeshamwambia." Anasimama wima, anaujaribu uzito upande wa kushoto, kisha wa kulia. "Lakini ikipita, nitakuwa nasoma idadi yote mpaka mwisho. Tulipolipuliwa siku ile, tulirudi nyumbani wanne. Hakuna aliyetuhesabu."