Ng'ombe Wangu wa Magurudumu Mawili

Harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na sabuni ya unga na mchanga, hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Vijana wanaoniletea viti vya pikipiki niwashonee makava hapa Gatsata, mtaa wa mafundi wa Kigali, hunawa mikono hivyohivyo, mlangoni pangu, kwenye beseni langu, kabla ya kugusa kitambaa kipya. Wanasugua, maji yanageuka meusi, na mimi naingiza uso kwenye cherehani. Wao hudhani sipendi uchafu. Waache wadhani.

Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Nyarutarama, mtaa wa matajiri. Siku za kazi alivaa shati jeupe na kuendesha gari la watu taratibu, kama aliyepakia mayai. Jumamosi alilivua shati, akavaa ovaroli iliyochanika magotini, na hapo ndipo tulipompata baba mwenyewe, mwenye kucheka kwa sauti na kuimba vibaya. Alikuwa amekulia Karagwe, upande wa Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia na ng'ombe wao wote wakaishia njiani. Aliporudi Rwanda alirudi na Kiswahili kizuri na hadithi nyingi za ng'ombe, lakini maishani mwake hakuwahi kumiliki hata ndama. Mambo ya ng'ombe aliyajua kwa kusikia tu. Hilo mlishike, maana kila kilichonipata kilianzia hapo.

Nilikuwa darasa la nne mradi mmoja wa kilimo ulipofungwa huko mkoani na mali zake zikapigwa mnada. Baba akarudi na pikipiki mbili nyuma ya lori la viazi. Zilikuwa za porini, aina moja, zile ndefu zenye madigadi ya mbele yaliyokaa juu, mbali na tairi lenye meno. Zilikuwa zimepanda milima na mabwana shamba kwa miaka mingi mpaka zikachoka. Moja ilikuwa nyekundu, nyingine ya buluu. Nyekundu injini yake ilikuwa imekufa, pistoni imegandia ndani ya silinda. Ya buluu haikuwa na ugonjwa mkubwa. Baba mwenyewe aliikagua na kusema kwamba plagi mpya, kuisafisha kabureta, na kilio chake kingesikika mpaka Nyabugogo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Kazi ya kuzibua mitaro ilipokwisha, majirani walipitia kwetu na majembe yao na matope miguuni, kuzitazama hizo pikipiki za kijinga ambazo hakuna aliyeelewa za nini mjini. Mama akatoa kibuyu cha ikigage, pombe ya mtama. Baba alipokwisha kunywa kidogo, akanishika bega, akanisimamisha mbele ya ile ya buluu, na kuanza hotuba kama wanavyofanya wazee kwenye harusi.

"Ninyi ni mashahidi wangu," alisema. "Huyu Dativa ndiye imfura wangu, wa kwanza kutoka kwangu. Ng'ombe sina. Lakini hii hapa ina pembe mbili, na inanguruma. Nimemgabira. Kuanzia leo si yangu tena, ni yake na watoto wake."

Kwetu, anayegabirwa ng'ombe, yaani kupewa awe wake kabisa, hatikisi kichwa tu akasema asante. Huinua mikono juu, akapaza sauti na kumtaja aliyempa, ili dunia nzima ijue. Nilikuwa nimeona kwenye harusi. Nikainua mikono yangu myembamba na kupiga kelele, "Yampaye inka data!" Alinipa ng'ombe baba yangu! Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga pombe. Mimi sikucheka. Nilikuwa na pikipiki.

Tulianza kazi. Baba alinifundisha kufungua nati bila kuila pembe, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa ndani ya beseni, kuvipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa kuvitoa ili visipotee njia ya kurudi. Gasketi tulizikata kwa mkasi kutoka kwenye maboksi. Aliniita fundi wangu. Mikono yangu, alisema, inaingia mahali ambapo yake haiingii, na niliivimbia kichwa sifa hiyo wiki nzima. Mama alikuwa akinusa nywele zangu Jumapili kabla ya kanisa na kusema kuwa hata Mungu angedhani nimetoka kituo cha mafuta.

Mtauliza kwa nini hakuichukua tu ile ya buluu akaipanda. Nami niliuliza. Akanitazama kama niliyemtukana. Aliyegaba ng'ombe hamkami tena, alisema, ni aibu. Na kweli hakuwahi kuipanda, hata kukaa juu yake kwa mzaha. Alitaka kwanza aifufue nyekundu, ambayo ilikuwa yake kwa haki, kisha tuiwashe yangu, tutoke wawili, baba na binti, tushike njia za vumbi za Kinyinya ambako siku hizo kulikuwa bado vilima na mihogo.

Lakini kabureta ya nyekundu ilikuwa imeliwa na kutu. Alizunguka kwa wauza vipuri wote wa Gatsata na kurudi mikono mitupu. Jioni aliniita, akachuchumaa tuwe macho kwa macho.

"Mwana wanjye, mtu aliyegabirwa ng'ombe hufika siku akamwitura aliyempa. Ng'ombe akizaa, ndama mmoja anarudi kwa mwenye kutoa. Ndiyo heshima. Sasa mimi nakuomba hiyo kabureta. Na wala si kuichukua. Tunaazima tu."

Nani angekataa kuombwa na baba yake kwa adabu namna hiyo? Nilichukua spana namba kumi nikaitoa kwa mkono wangu. Nikaiosha, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Mama alikuwa akichambua maharage mlangoni. Yeye alizaliwa hapahapa Kigali, na Kiswahili alikiokota sokoni; pikipiki aliiita moto. "Wewe Baba Dativa," alisema bila kuinua kichwa, "ng'ombe iko inazaa. Hii moto ya mtoto iko inazaa nini?"

Baba akacheka. "Mambo ya ng'ombe tuachie sisi wenye ng'ombe."

Baada ya kabureta ikafuata klachi. Baada ya klachi, silinda na pistoni yake, na hapo pikipiki yangu ikawa haina moyo, lakini kwa macho ilikuwa bado nzima, nami bado niliisugua kila Jumamosi. Kisha gurudumu la nyuma. Kisha taa. Kila mara alichuchumaa, kila mara aliomba, kila mara tuliazima tu. Kiti ndicho kilichoniuma. Nilikuwa nakaa juu yake kufanya kazi za shule, miguu ikining'inia, na kilikuwa kimeanza kujua umbo langu. Alipokiomba nilisema ndiyo, nikakifungua, nikaenda chooni kulia, nikarudi kumshikia tochi.

Sitadanganya, siku nyekundu ilipowaka ilikuwa siku nzuri. Moshi ulijaa ua, kuku wakaruka ukuta, baba akanibeba nyuma na tukapanda mpaka Kinyinya kwa njia ya mawe, pikipiki ikiruka na kutua, nami nimeikumbatia ovaroli yake na harufu yake yote. Juu tulisimama. Kigali ilikuwa imetanda chini yetu. "Sasa ni zamu yako," alinipigia kelele juu ya mngurumo. "Kila kitu kitarudi!" Niliamini. Nilikalia kiti changu mwenyewe, nyuma ya baba yangu, na niliamini.

Nilipomaliza darasa la sita nilifaulu. Mwaka huohuo mdogo wangu Pacifique alikuwa mgonjwa wa kifua, na baba akaona shule ya karibu na nyumbani haimfai, apelekwe ya bweni ya watawa yenye muuguzi. Karo ya wawili haikuwezekana. Siku hiyo pia alichuchumaa, ingawa nilikuwa nimeshakuwa mrefu na ilibidi anitazame kutoka chini. Yule bosi wake wa Nyarutarama alihitaji msichana wa kumlea mtoto. Mwaka mmoja tu, alisema. Mwaka wako tunauazima tu.

Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimeshazoea kuifungua nati mwenyewe.

Nililea mtoto yule, na mwenzake aliyefuata, na aliyefuata. Asubuhi baba alinipeleka kazini kwa nyekundu, tukipita kwenye bustani za watu zilizonyolewa kama vichwa vya wanajeshi, kisha anavaa shati jeupe na kuanza yake. Pacifique alipona kifua, akasoma, leo anafanya kazi nzuri na hunitumia salamu sikukuu. Sina ugomvi naye. Kiti hakichagui kifungwe kwenye pikipiki gani.

Kwa miaka mingi nilimwita baba mwongo, kimoyomoyo, nikikanyaga cherehani niliyojifunza baada ya kazi ya ulezi. Ilinifariji, maana mwongo unaweza kumchukia ukalala. Ukweli niliuelewa ukubwani, na ulikuwa mchungu zaidi. Baba hakudanganya hata siku moja. Aliamini kila neno. Alijua kwamba anayepewa ng'ombe hurudisha ndama, naye hakuwahi kufuga, hivyo hakuwahi kuona kwamba anayerudishwa ni ndama, na ng'ombe hubaki zizini akizaa wengine. Pikipiki haizai. Mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu naye haoti mwaka mwingine mahali ulipokatwa mwaka wake. Angekuwa amechunga hata msimu mmoja angelijua hilo. Mama alilijua akiwa na ungo wa maharage.

Mwaka jana akaja nyumbani kijana mmoja kutoka Nyarutarama. Siku hizi wapo vijana wenye uwezo wanaotafuta hizi pikipiki kuukuu za porini, wanazifufua, wanazipiga picha, wanatoka nazo kwa makundi kwenda milimani. Baba sasa anatembea kwa fimbo na hawezi kuinyanyua nyekundu kutoka kwenye stendi yake. Kijana alizunguka pikipiki mara mbili, akapiga magoti, akamulika kila pembe kwa simu.

"Muzehe, hii ni hatari," alisema. "Kabureta ni yake ya kiwandani! Kiti, taa, kila kitu iko orijino. Ulipata wapi hivi vitu?"

"Niliitunza," baba akasema, na kifua kikamjaa.

Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la chai. Wakakubaliana bei ya nyekundu, wakapeana mikono. Kisha kijana akaona kule nyuma, ukutani, fremu ya buluu ambayo mama alikuwa akianikia nguo mpaka alipofariki, nami nimeendelea kuianikia.

"Na hii je? Naichukua pia, nitaanza nayo mradi mwingine."

"Hiyo hapana," baba alisema, na akajinyoosha juu ya fimbo yake. "Hiyo si yangu. Nilimgabira binti yangu mbele ya majirani, alipokuwa mdogo hivi. Watu wengi walitaka niwauzie vyuma chakavu. Sijawahi kuiuza. Mtu hauzi ng'ombe aliyemgabira mwanawe."

Kijana akaguswa. Aliweka mkono kifuani. Baba naye akanigeukia, akanitazama kwa macho yake mazee yenye ukungu, akasubiri. Nilijua anachosubiri. Kwetu, mwenye kutoa akikumbusha zawadi mbele ya mgeni, aliyepewa hushukuru upya.

Niliweka sinia chini. Nikainua mikono yote miwili juu, karibu na soksi zilizoning'inia kwenye fremu yangu, na nikapaza sauti mpaka majirani wakatoka nje.

"Yampaye inka data!"

Kijana akapiga makofi. Baba akafuta machozi kwa kiganja. Alikuwa amesikia shukrani.