Bastola ya Mtoto wa Kati

Kwetu Uchaggani kifungua mimba hupewa kihamba chake, yaani shamba la migomba, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba na shamba linaloizunguka. Mimi wa kati niliachiwa bastola yake ya zamani ya risasi sita, iliyopakwa nikeli ikang'aa. Niliporudi Kirua Vunjo na stashahada yangu ya Ulaya, mdogo wangu alitaka tubadilishane: bastola kwa kipande cha shamba.

"Kaka, hiyo huwezi kuipanda ikazaa ndizi," akanicheka.

"Ndizi nanunua sokoni Kiboriloni, na ghorofa yangu iko hapohapo. Nimeijenga bila kihamba cha mtu."

Ardhi naweza kujinunulia. Kitu alichonichagulia baba hakiuzwi popote. Niliifuta bastola mbele ya mdogo wangu, nikaondoka nayo.