Auntie, Uji na Mtaalamu wa Kumeza

Leo auntie yangu amepata dawa yake, na imetoka kwa mtu ambaye hajaongea wiki mbili.

Baba yuko wodi hapa Nyeri tangu apigwe na stroke. Auntie, dadake, ametoka Gakindu na chupa ya uji, kwa sababu kwetu huendi kuona mgonjwa mikono mitupu.

Nesi akamwambia pole pole, "Mama, asinywe kwanza. Mtaalamu anapima vile anameza."

Mtaalamu mwenyewe ni msichana mdogo, amevaa raba. Kazi yake ni kusaidia wagonjwa kumeza na kuongea tena.

Auntie akacheka mpaka wodi ikageuka.

"Ati kuna mtu amesomea kumeza? Na yule wa jana amesomea kunyoosha miguu? Mimi nataka daktari wa ubongo!"

Daktari wa ubongo akaja. Auntie akamshtakia kila mtu.

Daktari akamgeukia yule msichana: "Anaweza kunywa uji?"

"Bado, daktari. Hata maji yanampalia."

"Basi bado."

Mnadhani Auntie alitulia? Wapi! Ati tunaua ndugu yake na njaa.

Msichana aliinamia Baba. "Mzee, jaribu neno moja. Lile unataka sana kusema."

Baba akavuta pumzi, mdomo umepinda, macho kwa dadake.

"Nyamaza."

Wodi nzima ilipiga makofi. Mimi nililia.

Saa hii Auntie yuko kwa benchi huko nje, anaambia watu ati ni harufu ya uji wake imemponya.