Glasi ya Maji na Mlango wa Mama

Mchwa walipomaliza mlango wa mama hapa Kanyenye, aliegesha bati mahali pake na kulizuia kwa kinu. Alitaka mlango mpya kabla ya mvua. Nikamwahidi wa mninga, kwa sababu nilikuwa nimesoma: ukishakauka haupindi, na kiini chake mchwa hawakitaki. Ile sehemu nyeupe ya nje wanaila kama mkate. Hilo nalo nililisoma.

Nilikwenda kwa muuza mbao, mzee wa Kiarabu aliyerithi duka kwa baba yake. Alikuwa na mbao kutoka Ulyankulu, za rangi ya kahawia iliyoelemea wekundu, kavu kabisa. Mteja mwingine angezigonga kwa kidole, akalipa, akaondoka. Mimi niliomba kipande cha kupima, kisha nikaomba glasi ya maji.

"Una kiu?" akauliza.

"Nataka kuhakikisha. Vumbi la mninga likilowekwa, maji yake yakiwekwa juani hutoa mng'ao wa buluu."

"Mimi nimekulia juu ya mbao hizi, bwana. Unataka mlango au unataka chai?"

Alinipa kipande, cha urefu wa mkono, lakini glasi akanikatalia. Nilikwenda kwa mama, nikakikwangua na kuloweka vumbi lake. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na iliyofuata pia. Kila asubuhi niliiweka glasi juu ya ukuta wa ua, na mama, akisukuma kinu ili apite, alinitazama.

"Kimeiva, mwanangu?"

"Bado jua, mama."

"Haya. Wewe subiri jua, bati langu linasubiri mvua."

Hatimaye jua likatoka, na pembeni mwa glasi nikauona mng'ao wa buluu, hafifu lakini wa kweli. Nilikwenda dukani kifua mbele. Pale zilipokuwa mbao palibaki vumbi.

"Lori la Igunga limezibeba zote," mzee akasema. "Wenzako hawakuomba maji."

Mvua ilianza wiki hiyo hiyo. Fundi wa kuchomelea alituwekea mlango wa chuma, kama wa majirani wote. Kile kipande changu nilikipiga randa, nikapiga chafya mchana kutwa, maana vumbi la mninga huwasha pua (nalo nilikuwa nimelisoma), nikamtengenezea mama komeo.

Hulipitisha kila jioni. Wageni wakiwepo huwaeleza: "Mlango ni chuma tu, tumenunua hivi hivi. Ila komeo hili limepimwa."